Yaya analipa operesheni, lakini ndoa ni yangu

BARUA

Mama, salamu.

Ninaandika usiku, bibi yangu wa ndoa amelala. Nina miaka 53, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa 24 sasa: Kolwezi, Likasi, Kasumbalesa, kwenda na kurudi. Sigara nilianza nikiwa na miaka 17. Kwenye foleni ya mpakani, pale mnapolala siku tatu bila kusogea, paketi ilikuwa inaisha kabla jua halijazama.

Mwezi wa Novemba nilisimama kando ya barabara kukojoa, nikaona mkojo mwekundu kama maji ya ngai-ngai. Hakuna kilichoniuma. Mimi ni mtoto wa Kasenga, nimekua nikiogelea Luapula, kwa hiyo nikasema ni kichocho cha utoto kimerudi. Nikapewa dawa ya kichocho, damu ikakata, ikarudi. Nikapewa antibiotiki mara tatu, ikakata, ikarudi. Mwezi wa Machi ndipo wakanilaza, wakaingiza kamera kupitia njia ya mkojo, wakakwangua uvimbe na kupeleka vipande kupimwa. Jibu lilisema ni kansa na imeingia mpaka kwenye nyama ya kibofu.

Dokta alisema kibofu kitolewe, pamoja na tezi dume. Baadaye nitavaa mfuko tumboni, au watanitengenezea kibofu kwa kutumia utumbo. Alisema ataamua akishafungua.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, ndiye anayelipa. Ni mfanyabiashara, ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki, na siku ile alikuwa amekaa kando yangu. Nilikusanya nguvu nikauliza: «Dokta, na mambo ya nyumba itakuwaje?» Kabla dokta hajajibu, yaya akacheka: «Una watoto watano, unatafuta nini tena? Chagua uhai.» Dokta naye akatabasamu, akaendelea kuandika. Nikafunga mdomo.

Mama, wale watoto watano ni wa marehemu mke wangu, aliyefariki mwaka 2017. Mwaka 2021 nilioa tena. Bibi yangu ana miaka 34 na bado hajazaa. Mimba moja iliharibika mwaka juzi. Ni mwanamke ambaye hata nikiingia saa nane ya usiku namkuta hajalala, bukari, ugali wetu, ameifunika kwa kitambaa, ikiwa bado ya moto. Anajua nitapasuliwa kibofu. Hajui hayo mengine. Nitamwambiaje kwamba naenda kulazwa nikiwa mume wake na nitarudi nikiwa kaka yake?

Dereva mwenzangu anasema ndugu yake alipasuliwa India, wakaokoa mishipa, na mambo yake yanaendelea vizuri. Jirani yetu mwingine amewekwa mfuko, na bibi yake amerudi kwao Likasi. Sijui kama ni kwa sababu ya mfuko.

Nina mawazo manne. Kuahirisha operesheni mpaka bibi yangu apate mimba. Kuuza kiwanja changu niende nje mwenyewe, bila yaya. Kujaribu nganga mmoja anayesema mizizi yake inayeyusha uvimbe. Au kunyamaza, nipasuliwe kama yaya alivyopanga. Yaya amesema nikisumbua anaondoa mkono wake. Zimebaki wiki tatu.

Naona haya hata kuandika. Mtu mwenye kansa, mambo ya kitanda yanamhusu nini?

Dereva wa Katuba

JIBU

Baba, nianze na hilo swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo lililokufunga mdomo mbele ya dokta. Yanakuhusu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu akipata ugonjwa mkubwa anaacha kuwa mume. Katika kila hospitali ambapo operesheni hii inafanywa mara kwa mara, swali uliloliuliza linapaswa kuwa sehemu ya maandalizi yenyewe, kama kupima damu na figo. Dokta anapaswa kujua unavyoishi na mkeo kabla hajashika kisu, kwa sababu jibu lako linaweza kubadilisha pale atakapokata. Uliuliza swali sahihi, ila mbele ya mtu asiyehusika nalo.

Nimesoma barua yako mara tatu. Kila mara naona mambo matatu ambayo uchungu umeyafunga katika fundo moja: kupata mtoto, kusimama kwa uume, na mkojo utapita wapi. Kila moja lina njia yake. Nitakuomba tulifungue fundo hili taratibu, kwa sababu nahofia unaweza kuuza kiwanja ukitafuta kitu ambacho operesheni ya India haiwezi kukupa.

Kitu hicho ni mtoto. Dokta anapotoa kibofu cha mwanamume kwa sababu ya kansa iliyoingia kwenye nyama, kwa kawaida anatoa pia tezi dume na vifuko vya shahawa vilivyo nyuma yake, na njia za mbegu zinakatwa. Baada ya hapo shahawa hazitoki tena. Ni hivyo hata mishipa ikiokolewa yote, hata mpasuaji awe bingwa wa dunia. Yule ndugu wa mwenzako anaweza kuwa anasimama vizuri kabisa, na bado hawezi kumpa mkewe mimba kwa njia ya kawaida. Sijui kama kuna mtu aliyekueleza hili. Naona wanaume wengi hulijua wakiwa wameshatoka hospitali, na hilo linaniumiza.

Lakini korodani zinabaki. Zitaendelea kutengeneza mbegu na ile homoni inayokufanya mwanamume, kwa hiyo sauti yako, ndevu zako na hamu yako vitakuwepo. Mbegu zinaweza kugandishwa na kuhifadhiwa maabara kabla ya operesheni, au kutolewa moja kwa moja kwenye korodani baadaye, kisha mimba ikatafutwa kwa msaada wa maabara. Ni gharama kubwa, na huenda mkalazimika kuvuka mpaka. Simwahidi mtu mtoto kwa njia hiyo. Ila kama dokta atataka uanze na kemoterapi, uliza habari ya kuhifadhi mbegu kabla ya chupa ya kwanza, kwa sababu dawa hizo huziharibu.

Na wazo la kusubiri mpaka apate mimba? Nalielewa jinsi lilivyozaliwa. Mwanamke amepoteza mimba moja, nawe unataka kumwachia kitu. Ila mimba haina kalenda, na kansa iliyofika kwenye nyama haikai mahali pamoja. Madaktari wa ugonjwa huu wana mpaka wanaouchunga: operesheni ikichelewa zaidi ya miezi mitatu hivi tangu kansa ijulikane, bila tiba nyingine yoyote katikati, nafasi ya kupona inapungua. Wewe ulikwanguliwa mwezi wa Machi. Hesabu siku hizo ukiwa na mkeo, maana anaweza kuwa na neno kuhusu kinachosubiriwa kwa ajili yake.

Sasa kusimama. Kuna nyuzi nyembamba sana za mishipa ya fahamu zinazopita ubavuni na nyuma ya tezi dume, kulia na kushoto. Ndizo zinazopeleka amri uume usimame. Kwa miaka mingi wapasuaji walizikata bila kujua zinapita wapi hasa. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Patrick Walsh, alimtembelea daktari mmoja mzee wa Uholanzi aliyeitwa Pieter Donker, ambaye alimwonyesha njia ya nyuzi hizo kwenye mwili wa mtoto aliyezaliwa mfu, kwa kuwa kwa mtoto zinaonekana vizuri zaidi. Mwaka 1982 Walsh alianza kuziacha kwa makusudi alipokuwa akitoa tezi dume, na miaka michache baadaye ufundi huo ukatumika katika operesheni ya kibofu. Nakueleza hili ujue kwamba ulichokiuliza kina zaidi ya miaka arobaini. Dokta wako amekisoma. Kama yeye mwenyewe anakifanya, na mara ngapi, hilo ni la kumuuliza uso kwa uso.

Atakujibu kulingana na mahali uvimbe ulipo. Ukiwa umekaa karibu na nyuzi za upande mmoja, anaweza kuacha za upande wa pili tu. Ukiwa mkubwa kote, kuziacha ni kuhatarisha kuacha na kansa humo humo. Hata zikiachwa zote, hakuna anayeweza kukuhakikishia. Mishipa iliyoguswa hulala usingizi mrefu. Wengine wanaona dalili baada ya miezi, wengine baada ya mwaka mmoja au miwili, na wengine haziamki. Umri unachangia, sukari na presha zinachangia, hali ilivyokuwa kabla ya ugonjwa inachangia sana. Na sigara, baba: inaharibu mishipa ya damu ya uume ule ule unaoulilia, na ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kansa ya kibofu. Hukuandika kama umeacha.

Nyuzi zikikatwa, vidonge kama sildenafil havina cha kuamsha, kwa kuwa vinafanya kazi pale ambapo amri bado inafika. Hapo kuna pampu ya kuvuta hewa na kuna sindano ndogo ya kwenye uume, inayofundishwa na daktari. Vinahitaji mke anayejua kinachoendelea. Na jambo ambalo wanaume hawaambiani: raha ya kufika kileleni ina njia nyingine, mwanamume anaweza kuifikia bila shahawa kutoka, hata bila uume kusimama sawasawa. Utakuwa mkavu, lakini hutakuwa mti. Vile vidonge vya nguvu vinavyouzwa vimoja vimoja sokoni usiviguse kabla dokta hajajua moyo wako na dawa zako nyingine.

Unaweza kusikia pia kwamba kuna wanaoachiwa tezi dume ili mambo haya yote yabaki. Ipo. Inafanywa kwa wachache sana waliochaguliwa, uvimbe ukiwa mbali na mlango wa kibofu, baada ya tezi yenyewe kupimwa. Sababu ya kuogopwa ni kwamba mara nyingi tezi zilizotolewa zinapochunguzwa, kansa inakutwa imejificha ndani. Kuuliza si kosa. Ila dokta akisema kwako hapana, msikilize sababu kabla hujadhani anamtii yaya wako.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja kabisa: kubaki na kibofu chako. Uvimbe unakwanguliwa wote unaoweza kukwanguliwa, kisha inafuata miale ya mashine inayochoma kansa, pamoja na kemoterapi, na kamera inarudi ndani kila baada ya miezi kwa maisha yako yote, maana kansa inaweza kurudi na kibofu kikatolewa hata hivyo. Inawafaa wenye uvimbe mmoja, usioziba figo. Hapa tafuta ile karatasi ya jibu la vipande. Ikisema «urothélial», mazungumzo haya yana nafasi. Ikisema «épidermoïde», hiyo ni aina ambayo mara nyingi hufuata kichocho cha miaka mingi, mtoto wa Luapula, na kwa aina hiyo miale na kemoterapi hazina nguvu sana, kwa hiyo kisu ndicho kinachotegemewa. Kwa miale, Lusaka wana hospitali ya kansa, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2007. Lakini piga simu kwanza ujue mashine inafanya kazi na foleni ni ya muda gani, na uhesabu chakula na malazi: ni siku tano kwa wiki, kwa wiki nyingi.

Mkojo utapita wapi, hilo umeliandika kwa mstari mmoja tu, lakini ndilo utakaloishi nalo kila saa. Mfuko unabandikwa nje, juu ya mdomo wa kipande kifupi cha utumbo kinachotokezwa upande wa kulia wa tumbo ili mkojo upite hapo. Operesheni yake ni nyepesi zaidi kuliko ile nyingine. Unachotakiwa kujua ni mifuko ya kubadilisha utainunua wapi hapa Lubumbashi, kwa bei gani, na ikikosekana je. Kibofu cha utumbo kinahitaji kama nusu mita ya utumbo, kinashonwa mahali pa kile cha zamani, na unakojoa kwa njia yako ya kawaida. Wapasuaji wa Mansoura, Misri, nchi iliyoteswa na kichocho, wanakitengeneza tangu miaka mingi. Ila hakina hisia ya kujaa. Utakojoa kwa saa, kwa kukaza tumbo, utaamka usiku kwa saa ya simu, na wengi huvuja usiku, hasa miezi ya kwanza. Wengine hulazimika kujitia wenyewe sonda, ule mpira mwembamba wa kutoa mkojo. Figo lazima ziwe nzima, na njia ya mkojo isiwe na kansa. Ndiyo maana dokta alisema ataamua akishafungua: kuna mambo anayoyaona akiwa ndani. Lakini wewe unaweza kumwambia kabla ni kipi unakitamani. Mtu anayekaa siku tatu kwenye foleni ya Kasumbalesa, choo kikiwa mbali, ana sababu za kupendelea hiki au kile ambazo dokta hazijui.

Kuhusu figo hizo hizo, sitakugombeza juu ya nganga. Najua mtu akiogopa anavyotafuta mlango. Ila mizizi mingine inaumiza figo, na figo zikiharibika unaweza kukosa kibofu cha utumbo na pia ile kemoterapi ya sisplatini ambayo wengi hupewa kabla ya operesheni ili kuongeza nafasi ya kupona. Ukiwa umekunywa chochote, mwambie dokta bila haya.

Na kiwanja. Kabla ya kukiuza, karatasi zako zinaweza kusafiri bila wewe. Omba nakala ya jibu, picha za skana, na vile vipande vyenyewe vilivyohifadhiwa maabara. Mpasuaji wa nje atakuambia kama ana kitu cha ziada cha kukupa. Muulize pia nani atakufuatilia ukisharudi, maana shida nyingi za operesheni hii hujitokeza ukiwa nyumbani. Kwenda peke yako bila ndugu, ukiwa na sonda na kidonda, ni mzigo ambao sijui kama umeupima.

Yaya wako alicheka, na kicheko kile kilikukata. Naomba tu ufikirie kitu kimoja: amemzika baba, amesimama nawe ukimzika mke, na sasa anaambiwa mdogo wake ana kansa. Kuna watu wakiogopa hucheka. Pesa yake inampa haki ya kujua gharama na tarehe. Kama inampa pia haki ya kukaa kwenye kiti cha mke wako mbele ya dokta, mimi nina shaka, lakini wewe ndiye unayeijua familia. Unaweza kurudi kwa dokta siku nyingine bila yeye, kwa dakika ishirini tu. Akijua anaweza kukasirika. Labda yupo mjomba au mzee wa kanisa wa kumtuliza kwa kumwambia kwamba hukukataa operesheni, ulienda kuuliza tu.

Nimebakiza mkeo, na ndipo moyo wangu ulipo. Umeandika kwamba utarudi ukiwa kaka yake. Neno hilo ni lako, yeye hajalisema, na hajapewa nafasi ya kulisema wala kulikataa. Wewe, yaya na dokta mnapanga habari za mwili wako, na yeye ambaye mwili wake pia umo katika habari hizi, pamoja na tumaini lake la mtoto, analala chumba cha pili bila kujua. Inawezekana akalia. Inawezekana akaenda kwao siku kadhaa kufikiri, na hilo linatisha, sikufichi. Inawezekana pia akasema jambo ambalo si wewe wala mimi tumelifikiria. Jirani yako wa mfuko humjui kwa undani, wewe mwenyewe umekiri. Usimpe mkeo hukumu ya mwanamke wa Likasi. Ninachokiogopa zaidi ni ajue baada ya kisu, kutoka kwa muuguzi au kutoka kwa yaya.

Kama dokta atakupokea tena kabla ya wiki hizi tatu kwisha, hicho kiti cha pembeni kinaweza kuwa chake. Na kama mdomo unakataa kuanza, mpe barua yako aisome mwenyewe, ukiwa umekaa hapo karibu naye. Aanzie pale ulipoandika juu ya bukari aliyoifunika kwa kitambaa.